Sungura Aliyepinda Kichwa, na Jinsi ya Kumtunza Nyumbani

Wengi wenu hufuga sungura, ama kwa nyama, ama kwa sababu watoto waliomba mmoja awe wao, wakampa jina, na tangu siku hiyo hakuna athubutuye kumtaja pamoja na mchuzi. Habari za mwezi huu zamhusu huyu wa pili. Twaandika juu ya ugonjwa uwatishao watu kuliko upele na kuliko kuhara, nao hauui upesi kama wengi wadhanivyo: ugonjwa wa kupinda kichwa na kushindwa kusimama sawasawa.

Huanza hivi. Jioni mnyama yu mzima, amekula majani yake. Asubuhi mtoto aendapo kumfungulia amwona kichwa kimelala upande, jicho moja latazama juu na la pili latazama chini, na macho yote mawili yachezacheza bila kutulia. Akijaribu kwenda azunguka duara. Akishtuka huanguka, akabingirika kama gogo literemkalo mlimani, hata azuiwe na ukuta. Mtu asiyepata kuliona jambo hili hufadhaika kweli kweli.

Ndipo yaanzapo maneno. Jirani mmoja husema ni pepo, mwingine husema ni kijicho cha fulani, wa tatu amjua mpiga ramli aliye ng'ambo ya mto. Twaijua nyumba moja ya mwalimu iliyopatwa na jambo hili wakati wa masika. Mama yake mwalimu, mtu mzima aliyebatizwa zamani, alimwangalia mnyama akanena, "Mwanangu, huyu ametwaa jambo lililokuwa likimjia mtoto. Mtoeni humu kabla jua halijachwa." Mwalimu akajibu kwa adabu, "Mama, utuwie radhi, kwanza tumtazame masikio." Na binti yake, mwenye sungura, alisimama kati yao akilia, asijue amtii nani.

Jibu la mwalimu lilikuwa jema, maana mara nyingi shida yenyewe imo sikioni. Ndani kabisa, katika mfupa wa kichwa, Mwenyezi Mungu ameweka vijifereji vitatu vilivyopindwa kama upinde, kila kimoja kimeelekea upande wake, navyo vimejaa maji. Karibu yake mna vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno mfano wa chokaa. Kichwa kikigeuka, maji yale huchelewa kidogo kukifuata, yakasukuma vinyweleo vilivyomo, na mishipa ya fahamu ikapeleka habari ubongoni: tumegeuka, tumeinama, tumesimama. Sisi wanadamu tunavyo vile vile. Mtoto akizunguka uani kisha akasimama ghafula, dunia humzunguka, kwa kuwa maji yale bado yaenda. Sasa, sikio la kuume na la kushoto hupeleka habari pamoja. Moja likinyamaza, au likisema uongo, mnyama huamini ya kwamba aanguka, hali yu wima. Hujiegemeza ili asianguke, na kwa kujiegemeza huanguka. Ni kama ngalawa iliyovunjika tengo moja.

Mambo haya yamechunguzwa siku nyingi. Mfaransa Pierre Flourens aliyajaribu kwa njiwa katika miaka ya 1820, na tabibu Robert Bárány wa Vienna alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya viungo hivi. Katika kazi yao yote hakuonekana pepo hata mmoja.

Visababishi vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni usaha ndani ya sikio, uletwao mara nyingi na bakteria waitwao Pasturela. Hawa hukaa puani, wakapanda kwa njia ndogo iliyo kati ya koo na sikio. Sungura wa namna hii huenda alikuwa akipiga chafya siku nyingi, na miguu yake ya mbele imeshikamana manyoya, kwa kuwa ndiyo kitambaa chake cha kufutia pua. Cha pili ni kijidudu kidogo sana kiitwacho Ensefalitozoni, kikaacho katika ubongo na figo. Ugonjwa wake uliandikwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1922, na waliouandika waliuona katika sungura wachanga. Kijidudu hiki hutoka katika mkojo, kikaingia kwa mwingine pamoja na majani yaliyochafuka, au mama akampa mtoto tumboni. Sungura wengi wanacho maisha yao yote wasiumwe; halafu siku moja, huenda baada ya mashaka au udhaifu, kikaamka. Kuanguka kutoka mikononi mwa mtoto kwaweza pia kuleta kupinda kichwa, na utitiri wa masikioni ukiachwa hufungua njia ya usaha.

Kuvipambanua visababishi hivi nyumbani ni vigumu, wala si aibu kutojua. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, au mleteni daktari. Kwa Ensefalitozoni dawa itumiwayo mara nyingi ni fenibendazoli, ile ile ya minyoo ya ng'ombe na mbuzi, nayo hutolewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, muda wa siku 28. Sungura wa kilo 2, basi, hupewa miligramu 40, ambazo ni kitu kidogo sana katika chupa iliyotengenezwa kwa ng'ombe. Kwa hiyo daktari na apime, wala mtu asikisie kwa kijiko, maana ikizidi yadhuru damu. Kwa usaha wa sikio yatakiwa dawa nyingine, na mara nyingi kwa majuma mengi.

Neno moja na likumbukwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Msimpe sungura kwa mdomo penisilini, ampisilini wala amoksilini iliyobaki katika kabati la nyumba. Kwa mwanadamu ni dawa njema. Kwa sungura huua bakteria wema wa tumboni wamsaidiao kuyeyusha majani, wabaya wakatawala, na mnyama aliyekuwa na kichwa cha upande tu akafa kwa kuhara. Wengi wameua hivi mnyama wao kwa upendo.

Tena jueni ya kuwa upande wa kichwa wenyewe si muuaji mkubwa. Muuaji ni njaa. Tumbo la sungura limefanywa kufanya kazi daima. Likikaa tupu siku nzima husimama, gesi hujaa, na kulianzisha tena ni kazi ngumu. Wala hawezi kutapika. Mgonjwa wetu hakatai chakula: hawezi kukifikia, kwa kuwa kila alengapo jani hulikosa. Basi mletee mdomoni. Nyasi kavu ndizo kwanza, kwa tumbo na kwa meno, maana meno yake hayaachi kukua; kisha majani ya viazi vitamu, au kishonanguo kilichochumwa mahali safi. Majani ya nyanya na ya viazi vya mviringo yana sumu, msimpe. Asipotafuna kabisa, sagueni chakula chake, kikorogwe na maji ya uvuguvugu kama uji mwepesi, kitiwe katika bomba la sindano lililoondolewa sindano, na kitolewe kidogo kidogo kwa pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Ameze kwanza, ndipo aongezwe. Asilazwe chali hata kidogo, uji usije ukaenda mapafuni. Maji na yawe katika bakuli zito lenye ukingo mfupi, na majani yawe na umande wa maji.

Sungura mjanja wa hadithi za babu zetu ni wa mwituni, naye hulala juu ya nchi. Huyu wa bandani ni jamaa yake tu. Asili yake ni Hispania na kusini ya Ufaransa, na wa kwao hukaa mashimoni. Kwa sababu hiyo hufarijika mahali pembamba penye giza kidogo na kimya. Siku za kwanza mwekeni katika sanduku dogo, chini sakafuni, wala si juu ya meza. Kunjeni magunia au mablanketi ya zamani kama mito, mmbane nayo pande zote mbili, ili akitaka kubingirika akutane na kitu laini. Mkimwinua, mkono mmoja uwe chini ya matako, na mwili wote ukazwe kifuani. Sungura akipiga teke hali ananing'inia aweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Mwendeeni polepole, mkisema kwanza, asishtuke.

Kuna kazi mbili ambazo watu husahau. Ya kwanza ni jicho la upande wa chini, ambalo hukwaruza sakafu wala halifumbiki vema. Na lioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa; likiwa na ukungu au usaha, yatakiwa dawa ya macho. Ya pili ni matako. Sungura hutoa mavi ya namna mbili, makavu tuyaonayo, na laini ambayo huyachukua mwenyewe kwa mdomo akayala tena, ndipo apatapo nguvu yote ya majani. (Walimu watakumbuka ya kuwa Walawi mlango wa 11 wamtaja sungura pamoja na wanyama wacheuao. Hacheui kama ng'ombe, lakini kweli chakula chake hupita kinywani mara mbili, na mtu amtazamaye akitafuna asubuhi aweza kuelewa neno hilo.) Basi, aliyepinda kichwa hawezi kujifikia. Mavi hushikamana na manyoya, mkojo huchoma ngozi, nzi hutaga, na katika nchi zetu za joto mabuu hutokea upesi sana. Mtazameni asubuhi na jioni, mkamwoshe kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, na kumkausha kabisa.

Katika nyumba ile ya mwalimu kazi hizi waligawanyiana. Binti alimlisha kabla ya kwenda shule na alipotoka. Mama yake aliosha. Mwalimu alitoa dawa na kuandika katika daftari siku na uzito. Bibi hakusema neno siku nane. Siku ya tisa alionekana ameketi kando ya sanduku, akishika jani la kiazi mbele ya mdomo wa mgonjwa, akimwambia, "Kula basi, wewe, usitutie aibu." Baada ya majuma matano mnyama alisimama bila kuegemea. Kichwa hakikurudi mahali pake, bali kimebaki kimeinama kidogo kama cha mtu asikilizaye habari mlangoni. Hata hivyo, hula, hunawa uso, na hukimbia, japo akikata kona kwa haraka huanguka, kisha huinuka mwenyewe.

Na hivyo ndivyo iwavyo kwa wengi waponao: hawanyooki kabisa. Usimpime mnyama wako kwa kichwa chake, mpime kwa kula kwake. Akianza kukaa wima, mtoeni sandukuni kidogo kila siku, atembee juu ya jamvi kuukuu au gunia, si juu ya saruji laini inayoteleza, nanyi mmtegemeze mbavuni kwa mikono miwili. Akiwa na mwenzake waliyezoeana, msiwatenge muda mrefu. Mwenzake humlamba sikio asiloweza kulikuna, naye humwegemea.

Lakini wako wasiopona. Sungura akibingirika mchana na usiku baada ya majuma ya dawa, asiyekula hata akilishwa, aliyekonda hata mifupa yaonekana, huyo ameteseka vya kutosha. Kumfisha upesi, kwa mkono wa daktari ikiwezekana, si dhambi. Twaona ni kazi ya mchungaji pia. Ila kazi hiyo asipewe mtoto. Wala baba asimdanganye mtoto ya kwamba sungura ametoroka usiku. Mwambieni kweli, mmwache alie, na kaburi achimbe mwenyewe akitaka. Nyama ya mnyama aliyekuwa akipewa dawa isiliwe na watu wala na mbwa.

Yabaki machache juu ya usafi. Kijidudu kile huishi katika mkojo uliokauka kwa majuma mengi. Kwa hiyo sanduku na mabakuli vimwagiwe maji yachemkayo, kisha vianikwe juani. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Mwanadamu mwenye afya hadhuriwi kwa kawaida, lakini mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua kwa maradhi asipewe kazi ya kusafisha banda hilo. Na afanye nyingine, kama kuchuma majani. Na sungura jike aliyepata ugonjwa huu asipandishwe tena, wala watoto aliokwisha kuwazaa wasiuzwe kwa jirani bila kumwambia habari ya mama yao.