Mnyoo wa milimita moja wafichua siri ya misuli kunyauka

MPAGAZI aliyevunjika mguu hujionea mwenyewe: plasta ikitolewa baada ya wiki kadhaa, mguu ule umekuwa mwembamba kuliko mwenzake. Misuli imekwenda wapi?

Sehemu ya jibu imetoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, wenye urefu wa milimita moja. Hauambukizi mtu, na mwili wake hupitisha mwanga, hivyo seli zake huonekana kwa hadubini ukiwa hai. Misuli ya ukuta wa mwili wake ina seli 95 tu.

Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, maabara ya Lewis Jacobson ilitumia minyoo ambayo misuli yake hutengeneza protini ya alama, inayoonekana kwa rangi ya buluu ikitiwa dawa. Buluu ikipungua, protini imevunjwa.

Mnyoo ukinyimwa chakula, misuli huvunja protini zake, kama mfanyabiashara anayekula mtaji siku za ukame. Lakini mwaka 2000 watafiti hao walionyesha jambo zito zaidi: ujumbe wa neva ukikatika, msuli hula mtaji wake hata mnyoo ukiwa umeshiba.

Mnyoo si mtu, ila jeni zake nyingi zinafanana na zetu. Matokeo hayo yanaoana na ushauri wa hospitalini: chakula peke yake hakitoshi. Daktari akiruhusu, mgonjwa aanze mazoezi mapema, kabla mtaji wa mwili haujaisha.