Hadithi yenye njia panda

Sisi tuliolelewa kwa hadithi za ukumbini twajua kwamba bibi akisema "Paukwa" nasi tukaitika "Pakawa", hadithi ina njia moja tu. Sungura atadanganya, fisi atadanganyika, na hata ukimlilia fisi kwa huruma, bibi hageuzi neno. Mimi nami, mzoefu wa kutunga mashairi, sikujua njia nyingine. Ubeti una vina na mizani yake, na kituo chake ni kimoja.

Basi mwaka jana alinijia mpwa wangu, kijana wa hapa Mombasa afanyaye kazi ya kutengeneza michezo ya simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mjomba, nataka uniandikie hadithi ya jahazi. Lakini nahodha awe ni yule anayecheza. Kila penye shauri, yeye ndiye aamue, na hadithi imfuate."

Nilicheka, nikamwambia kwamba hadithi isiyojua iendako si hadithi. Naye akanieleza kuwa jambo hili si geni. Edward Packard, wakili wa Marekani, alikuwa akiwahadithia binti zake wawili wakati wa kulala. Siku moja fikira zikamwishia, akawauliza mtu wa hadithini afanye nini sasa. Kila mmoja akajibu lake. Kutokana na majibu yale mawili, mwaka 1969 aliandika kitabu Sugarcane Island, ambacho hakikuchapishwa mpaka 1976. Mwaka 1979 kikatoka kitabu chake The Cave of Time, cha kwanza katika mfululizo uliouzwa kwa mamilioni. Humo msomaji huambiwa: ukitaka kuingia pangoni fungua ukurasa huu, ukitaka kurudi fungua ule. Siku hizi kurasa hufunguliwa na kompyuta, na tangu mwaka 2009 iko programu ya bure iitwayo Twine, aliyoitunga Chris Klimas, ambayo kwayo hata asiyekuwa fundi wa kompyuta aweza kuandika hadithi za namna hii.

Nikakubali. Na hapo, msomaji mpenzi, ndipo nilipoionja kazi.

Shida ya kwanza ni hesabu. Ukimpa mchezaji njia mbili, kisha kila njia ikazaa mbili, ukilivuka shauri la kumi una miisho 1,024. Umri wa kuandika yote hayo nani anao? Kwa hiyo watunzi huziacha njia ziachane kisha wakazikutanisha, kama vichochoro vya Lamu: pita upendapo, mwisho utatokea Usita wa Mui. Walakini hapo pana hatari nyingine. Mchezaji akigundua kwamba alilolichagua halikubadilisha kitu, ataona aliyechezewa ni yeye. Dawa yake ni kumbukumbu. Kompyuta huweka alama: mathalan, nahodha alimpa maji yule mvuvi aliyekutana naye nje ya Kilifi, au alimpita? Njia zote mbili zitafika Malindi, lakini aliyetoa maji atamkuta huko mtu wa kumdakia kamba.

Shida ya pili ni kusahau. Baharia niliyemteremsha Kilifi kwa homa nilikuja kumkuta mbele ya Malindi akipandisha tanga, kwani ukurasa ule niliuandika nikifikiria njia nyingine. Ikanibidi nichore njia zote kwenye karatasi, niibandike ukutani, nimfuate kila mtu kwa kalamu.

Jambo moja lugha yetu ilinisahilishia. Katika mchezo nahodha huitwa "wewe", na anayecheza aweza kuwa mvulana au msichana. Tuliosoma chuoni twajua kwamba Kiarabu, hata katika "wewe", hutenga anta na anti, na vitendo vikafuata. Kiswahili hakiulizi. Sentensi moja yawatosha wote.

Lakini shida kubwa haikuwa ya hesabu wala ya lugha. Hadithi ile niliitoa nyumbani. Mwaka 1983 ami yangu, nahodha, alikuwa Mombasa na shehena ya unga na sukari ya kupeleka Lamu. Kusi imeshika, bahari imechafuka, na Idi imekaribia. Wenziwe walimwambia angoje. Yeye akang'oa nanga, apate kusali Idi pamoja na wanawe. Jahazi lile halikuonekana tena.

Njia ya kung'oa nanga niliiandikia kurasa 40. Njia ya kungoja niliiandikia mistari mitatu: bahari ikatulia, ukasafiri, ukafika salama. Mpwa wangu akaisoma, akasema, "Mjomba, hii si njia. Hapa umefunga mlango."

Alisema kweli, na sababu nilikuwa nayo moyoni. Mwalimu wetu wa chuoni alitukanya sana na neno "lau": lau ningefanya vile, yasingekuwa haya. Lililopita limekwisha kukadiriwa, na "lau" humfungulia Shetani mlango. Je, mchezo huu wote si "lau" tupu? Nikaiweka kalamu mwezi mzima.

Hatimaye nikaona hivi. "Lau" ya mambo yaliyokwisha pita ni majuto. Ama aliye bandarini, ambaye nanga yake i chini bado, njia mbili zilizo mbele yake ni shauri, na kushauriana tumeamrishwa. Lakini mwenye kuombwa shauri hafai kudanganya. Nikiiandika njia ya kungoja kuwa ni asali tupu, nitakuwa nimemdhulumu ami yangu, nimemfanya mjinga. Na mchezaji aweza kupita njia moja tu asirudi tena. Hiyo moja lazima imtimizie haki yake.

Basi nikaiandika upya. Nahodha anayengoja anasali Idi ugenini. Mabaharia wananung'unika kwa kuwa posho imekwisha. Mwenye shehena anamtolea maneno mbele ya watu. Na Lamu watoto wamekaa gatini na kanzu zao mpya mpaka magharibi. Anafika siku ya tisa, mzima, na mwanawe mdogo anakataa kumpa mkono.

Mwezi uliopita nilikwenda Lamu, nikamsomea mke wa ami kutoka katika simu. Tulipofika penye shauri nikamuuliza, "Mama, tung'oe nanga au tungoje?" Akasema tungoje. Alisikiliza yote, na mtoto alipokataa kutoa mkono alicheka kidogo. Kisha akasema, "Nzuri, mwanangu. Lakini huyo si yeye. Yeye hangengoja."

Akaniomba nirudi mwanzo, nimsomee njia ile nyingine.