Baraza la Kiswahili na watu wa karasha (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi Juan Manuel Fernández Pacheco alivyoanzisha akademia ya Kihispania mjini Madrid mwaka 1713, na kamusi yake ya kwanza ikatoka kwa majuzuu sita kati ya 1726 na 1739, kila neno likitafutiwa ushahidi kwa waandishi.

Sisi tulianzia ofisini. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi 1930 chini ya wakoloni, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Kiunguja kilikwisha kuteuliwa Mombasa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kazi iliyobaki ilikuwa kusawazisha tahajia na kupitisha vitabu vya shule. Kamati ikahamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa, hadi iliporudi Dar es Salaam na, mwaka 1964, ikawa chombo cha utafiti kilichokuja kuitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likazaliwa kwa Sheria Na. 27 ya 1967.

Katika safari yote hiyo, makao hayakuwahi kuwa huku Usukumani, na pengo hilo bado lipo. Machi 2017, Serikali ilipozuia makontena ya mchanga wa madini wa Bulyanhulu na Buzwagi, neno makinikia lilishuka kutoka ripoti za wataalamu hadi vijiwe vya Kahama, na leo kila mtu analo. Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiko kugumu.

Nenda Nyarugusu, Geita. Mawe yenye dhahabu yanatolewa kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, yanapelekwa kwenye karasha, yanasagwa na gololi za chuma mpaka yawe unga. Unga unaoshwa mwaloni kwa maji juu ya magunia, kisha unakandwa na zebaki. Mchanga unaobaki ni marudio, nao una soko lake. Huo ni msamiati kamili wa ufundi, uliotungwa na Wasukuma, Waha na Wahaya waliokutana shimoni, bila kikao hata kimoja.

Naiheshimu BAKITA. Kamusi Kuu ya 2015 ni kazi kubwa. Lakini mtu wa Baraza hana budi kukaa mwaloni na daftari, na si kwa ajili ya kamusi tu. Onyo la sumu ya zebaki likiandikwa kwa istilahi za maabara, anayeikanda kwa mikono mitupu halimfikii.

Itaendelea.