Bibi Mcherokee: Simulizi Inapokutana na Daftari

Familia nyingi za Marekani, za weupe kwa weusi, zina simulizi inayofanana: mama yake bibi alikuwa Mcherokee. Ushahidi hutolewa hapo hapo sebuleni: picha ya zamani, mashavu yaliyoinuka, nywele nyeusi zilizoshuka hadi kiunoni. Wengine huongeza kwamba alikuwa binti mfalme. Katika sensa ya 2010 zaidi ya watu 800,000 walijitaja kuwa Wacherokee. Idadi hiyo iliwapita kwa mbali raia walioandikishwa katika mataifa yao matatu yanayotambuliwa na serikali: Cherokee Nation na United Keetoowah Band, yote ya Oklahoma, na Eastern Band ya North Carolina.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtafiti wa nasaba anauheshimu usemi huo kwa namna yake: lisemwalo lina chimbuko. Kazi yake ni kulitafuta, nalo si lazima liwe lile alilosimuliwa.

Binti mfalme hakuwapo, kwa sababu Wacherokee hawakuwa na ufalme. Walikuwa na koo saba, na mtoto alifuata ukoo wa mama yake. Nancy Ward wa ukoo wa Mbwamwitu, aliyekuwa na sauti katika baraza la wazee karne ya 18, aliitwa Ghigau, yaani Mwanamke Mpendwa. Heshima hiyo aliipata kwa ushujaa wake vitani. Hakuirithi kwa baba.

Jambo la pili ndilo linalowashangaza wengi: Wacherokee ni miongoni mwa watu wa asili wa Marekani walioandikwa sana. Sequoyah alikamilisha mfumo wa kuandika lugha yao mwaka 1821, wakatunga katiba mwaka 1827, na mwaka uliofuata wakaanza kuchapa gazeti lao. Serikali ya Marekani nayo iliwahesabu mwaka 1835, kabla ya kuwafukuza kwao mwaka 1838 na kuwapeleka magharibi katika safari iliyoua maelfu. Mwaka 1851 waliandikwa tena, wa magharibi katika orodha ya Drennen na wa mashariki katika orodha ya Siler. Kisha ikaja Tume ya Dawes, iliyoandikisha watu kuanzia 1898 hadi 1907 ili ardhi ya taifa igawiwe mtu mmoja mmoja.

Kadi ya Dawes hubeba kaya nzima. Mstari kwa mstari utakuta namba ya kila mtu, jina, uhusiano wake na mkuu wa kaya, umri, jinsia na kiwango cha damu. Utakuta pia mwaka na wilaya alikoandikwa katika daftari la awali la taifa, kisha majina ya baba na mama, na kama wamekwisha kufa. Nyuma ya kadi kuna jalada la mahojiano, na humo sauti za watu husikika wakitaja ndugu na majirani zao.

Hapo ndipo utetezi wa familia kwamba bibi "alikataa kuandikwa" unapopata shida. Waliokataa walikuwapo kweli. Redbird Smith, kiongozi wa Wakeetoowah waliopinga kugawiwa ardhi, alitiwa ndani mwaka 1902, na jina lake limo orodhani. Wengine waliandikwa kwa maelezo ya majirani. "Alijificha milimani" nayo ina asili yake, kwani wapo waliobaki milima ya North Carolina, lakini wazao wao ndio Eastern Band, na waliandikwa katika orodha ya Baker ya 1924.

Orodha ya Dawes iliwahusu walioishi Oklahoma ya leo. Kwa hiyo kukosekana humo hakumalizi kesi. Chukua bibi aliyezaliwa Georgia mwaka 1850. Kama alikuwa Mcherokee, anatarajiwa katika orodha ya Siler akiwa mtoto mchanga, na wazazi wake katika hesabu ya 1835. Wote wakikosekana, na sensa zote zikiwaita weupe, ukimya huo ni jibu zito.

Tahadhari nyingine ni ya maombi ya fidia yanayojulikana kwa jina la Guion Miller. Mahakama ilipoamua mwaka 1905 kwamba Wacherokee wa Mashariki walipwe fidia, takriban watu 90,000 waliomba mgao, na waliokubaliwa walikuwa kama 30,000. Ukiona jina la babu yako kwenye fomu hizo, usishangilie kabla ya kusoma uamuzi.

Vipimo vya vinasaba havitaji taifa. Seneta Elizabeth Warren alipotangaza matokeo yake mwaka 2018, Cherokee Nation ilijibu kwamba kipimo cha namna hiyo hakithibitishi uraia. Uraia wao hufuata mzazi hadi mzazi, mpaka jina lililo katika orodha ya Dawes.

Na hapa pana jambo linalonigusa kuliko yote. Baadhi ya Wacherokee walimiliki watumwa weusi. Mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru haki za raia, lakini Tume ya Dawes iliwaweka katika orodha yao peke yake, bila kuandika kiwango cha damu. Vizazi vingi baadaye haki yao ilipiganiwa mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Cherokee Nation ikaamuru maneno "kwa damu" yaondolewe katika sheria zake. Familia nyeusi inayotafuta nywele ndefu za bibi inaweza kuupita uhusiano wake wa kweli, ulioandikwa kwa jina na namba.

Anza na wewe mwenyewe, kisha wazazi, kisha babu na bibi, kwa cheti na sensa ya kila miaka kumi. Usianze na orodha ukavizia jina linalofanana. Simulizi ya bibi iandike kama ilivyosemwa, pamoja na jina la aliyeisema na mwaka. Chini yake andika ulichokikuta, hata kama ni mkulima wa Tennessee ambaye hakuna aliyewahi kusimulia habari zake. Naye ni wako, na amengoja muda mrefu kutajwa.