Mshauri wa shule atalipwa kwa fungu gani?

Bweni likiteketea, kamati huundwa. Ndivyo ilivyokuwa wavulana 67 walipokufa katika moto wa Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, mnamo Machi 2001. Ndivyo ilivyokuwa tena 2016, zaidi ya shule 100 zilipochomwa. Na kila ripoti inapotoka, pendekezo la kuimarisha ushauri nasaha halikosi. Halafu vyuma vya madirisha vinang'olewa, vitanda vinasogezwa mita 1.2 kimoja kutoka kwa kingine jinsi mwongozo wa usalama wa 2008 unavyotaka, na vizimamoto vinatundikwa ukutani. Kazi hiyo ina risiti. Ushauri nasaha hauna.

Tangu 2018 serikali ya Kenya imeahidi kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma Sh22,244 kwa mwaka. Fedha hizo huja zikiwa zimekatwa mafungu: vifaa vya kufundishia, ukarabati, michezo, maji na umeme, mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Mwalimu mkuu akichota fungu moja kuziba pengo la jingine, mkaguzi wa hesabu atataka maelezo. Afya ya akili haina fungu lake, basi mshauri anakuwa mwalimu wa somo aliyeongezewa idara juu ya vipindi vyake.

Tuseme ni mwalimu wa Kiswahili na dini. Kipimo cha Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ni vipindi 27 kwa wiki, bado hajasahihisha insha. Msichana wa kidato cha pili anamfuata wakati wa mapumziko, anasema tu, "Mwalimu, nina shida," kisha ananyamaza. Ukimya huo ndio unaohitaji muda, na kengele haimngojei mtu. Chumba cha ushauri, kama kipo, mara nyingi kimejaa mipira na nyavu za voliboli, tena mlango unatazamana na ofisi ya walimu. Atakayeingia ataonekana. Isitoshe, mwalimu huyo huyo Jumatatu anaweza kuketi kwenye kamati ya nidhamu inayoamua kama msichana huyu atarudishwa nyumbani. Sijui ni mtu mzima gani angefungua moyo wake hapo, sembuse mtoto.

Hadi Januari 2025 kulikuwa na kikwazo kingine. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na Mahakama Kuu ndiyo iliyotamka kuwa kinakiuka Katiba. Mwalimu aliyegundua jambo kama hilo alikuwa na sababu ya kulifunika.

Wapo wanaosema tiba ni ghali. Si lazima iwe. Shirika la Shamiri hutumia vijana waliomaliza shule ya upili juzijuzi. Baada ya mafunzo, hukutana na wanafunzi kwa vikundi, saa moja kwa wiki, wiki nne. Utafiti wao wa wanafunzi 413 nchini Kenya, uliochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, ulionyesha kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Habari njema, ila mradi hutegemea wafadhili, na mfadhili ana haki ya kufunga mkoba wake wakati wowote. Tena kikundi hakitoshi kwa mtoto anayenajisiwa nyumbani. Huyo anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, asiyemfundisha wala kumwadhibu.

Mtu huyo anaweza kupatikana. Shule yenye wanafunzi 600 ikitenga asilimia moja ya mgao wake, inapata Sh133,464 kwa mwaka. Peke yake haiwezi kumwajiri mtu. Shule tano jirani zikichanga, zinapata Sh667,320, yaani Sh55,610 kwa mwezi: mshauri mmoja aliyesajiliwa, kila shule na siku yake. Wizara ikiamua, ni suala la kuongeza mstari mmoja kwenye waraka wa mafungu.

Lakini hesabu hiyo ni ya karatasi. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali inamudu Sh16,900 pekee kwa kila mwanafunzi. Kwa kiwango hicho mshauri wetu anabaki na Sh42,250 kwa mwezi, tena iwapo pesa zitafika kabla muhula haujafungwa.