Hesabu ya Skat kwa Mchezaji wa Karata wa Usambara

Lushoto, mji ulioitwa Wilhelmstal zama za Wadachi, una jioni za baridi zinazofaa karata. Basi si vibaya kumfahamisha msomaji wa Usambara aliyeuzoea wahedi wa sitini wa pwani jinsi Wadachi wanavyohesabu Skat, mchezo uliotungwa Altenburg mwanzoni mwa karne ya 19.

Ree ni 11, kumi ni 10 (kwetu cheo hicho ni cha seti), mfalme 4, bibi 3, ghulamu 2, na jumla ya karata zote 32 ni 120. Hivyo mchezaji mmoja, apambanaye na wawili, hushinda akila 61, ilhali 60 hazimfai kitu.

Hapa ndipo wanafunzi hutatizika, kwani hizo 61 huamua ushindi tu, wala sizo ziandikwazo daftarini. Ziandikwazo hutokana na turufu: uru 9, kopa 10, shupaza 11, pau 12. Maghulamu daima ni turufu kuu, wa pau akitangulia, kisha wa shupaza, wa kopa na wa uru. Tuseme turufu ni kopa, na mchezaji anao ghulamu wa pau na wa shupaza, ila wa kopa hana: wawili hao, pamoja na moja ya mchezo wenyewe, ni tatu, tatu mara 10 ni 30. Akishindwa hukatwa 60, nami naiona adhabu hiyo kuwa ya haki, maana mwenyewe ndiye aliyenadi hata wenziwe wakamwachia. Asiye na ghulamu wa pau huhesabu maghulamu aliowakosa kwa mfululizo, na thamani ni ileile. Akifikisha 90, huzidishiwa moja katika hesabu. Akila karata zote, moja tena.