Maadili Yameporomoka? Kapima Nani?

 

Siku moja nilialikwa kwenye mdahalo katika sekondari moja ya huku Lionja. Mada ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa chaki: "Maadili ya zamani yalikuwa bora kuliko ya sasa." Upande wa kuunga mkono ulikuwa umejiandaa hasa. Msemaji wao wa kwanza, kijana wa kidato cha tatu, alitaja nguo fupi, simu, muziki na bodaboda. Kisha akasema: "Ndugu mwenyekiti, ushahidi hauko mbali. Hata humu ndani tunao waliokwenda kuzaa wakarudi."

Darasa zima likaangua kicheko. Shingo zikageuka kutazama dawati la nyuma. Msichana aliyekaa pale akainamisha kichwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mwanamume aliyempa mimba. Kura zilipopigwa, upande wa kuunga mkono ukashinda.

Baadaye yule kijana alinifuata nje. "Dada, mbona ulinitazama vile? Kwani nimekosea wapi? Si nimesema ukweli?" Muda ulikuwa umekwisha, nikamjibu nusunusu. Leo namjibu yeye na wewe pia, maana najua wimbo huu wa "vijana wa siku hizi hamna maadili" unausikia kila siku, nyumbani na shuleni.

ZAMANI IPI HIYO?

Mtu akikwambia "zamani watu walikuwa na maadili", muulize kwa heshima: zamani ipi? Tuchukue miaka mia moja na kidogo hivi.

Katika nchi yetu, utumwa ulipigwa marufuku kabisa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ni kweli kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash. Lakini huku bara Wajerumani hawakuuondoa utumwa moja kwa moja. Walichofanya ni kuamua kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Kusini yetu inaijua habari hii vizuri, kwa sababu misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipita nchi hizi kwenda Kilwa. Waliofungwa minyororo wengi walikuwa vijana wa umri wako.

Sasa fikiri kidogo. Wale walionunua na kuuza watu hawakujiona wabaya. Walisali, walifunga, walikaribisha wageni, waliwaheshimu wazazi wao. Ukiwauliza wangekwambia, "Ndivyo dunia ilivyo." Hilo ni somo la kwanza: mtu anaweza kuwa na adabu nzuri sana na bado akamtendea mwenzake unyama, ikiwa jamii yake imezoea.

MIMBA ZA UTOTONI HAZIKUWAPO?

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Wazee husema, "Enzi zetu binti hakuzaa ovyo." Ni kweli kwa maana moja tu. Msichana alivunja ungo, akachezwa unyago, na mara nyingi hakukaa sana kabla ya kuolewa. Akizaa akiwa na miaka 14 au 15 aliitwa mke wa fulani, na watu walipiga vigelegele. Mimba za utotoni zilikuwapo, ila hazikuwa na jina hilo.

Lakini mwili haujui harusi. Nyonga za msichana mdogo hazijakomaa, awe ameolewa au hajaolewa. Mtoto anaweza kukwama wakati wa kujifungua. Uchungu ukiendelea muda mrefu bila msaada wa hospitali, mtoto hufa, mama huweza kufa, au akabaki na fistula, yaani tundu linalosababisha mkojo au haja kubwa kuvuja bila kujizuia. Wangapi walipatwa na hayo zamani wakaambiwa wamelogwa, au wakarudishwa kwao? Hakuna aliyewahesabu.

Siku hizi tunahesabu. Uchunguzi wa afya wa kitaifa ulionyesha kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, waliokuwa wamezaa au wana mimba walikuwa asilimia 23 mwaka 2010. Mwaka 2015-16 wakapanda hadi asilimia 27. Mwaka 2022 wakashuka hadi 22. Unaona? Mambo hupanda na kushuka. Hakuna mstari ulionyooka kwenda mbinguni, wala kwenda shimoni.

JANDO NA UNYAGO

Usidhani nasema mila zetu zote zilikuwa mbaya. La hasha! Unyago ulikuwa shule. Mwali alikuwa na somo wake, mtu mzima wa kumwuliza mambo ya hedhi, usafi na ndoa bila aibu. Leo wasichana wengi hawana hata mtu mmoja wa kumwuliza. Na kwa kuwa Wamwera, Wamakonde na Wayao walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mtoto aliyezaliwa alikuwa na kwao, na mjomba alikuwa na wajibu juu yake. Hayo ni maadili, na tukiyapoteza tumepata hasara.

Lakini angalia tulivyoyageuza. Mafunzo yaliyokuwa ya msichana aliyevunja ungo, sasa katika sehemu nyingi za kusini hutolewa kwa watoto wa shule ya msingi, wengine bado wadogo kabisa, wakati wa likizo. Mtoto hajaota hata chunusi, anaambiwa amekua! Akitoka hapo anajiona mtu mzima, na wanaume wabaya nao wanamwona hivyo hivyo.

Kwa upande wa wavulana, mabadiliko mengine yamekuwa ya heri. Kisu kimoja cha ngariba kupita kwa vijana wengi ni njia ya kuambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Wazazi wengi sasa wanawapeleka vijana wao hospitali, na mafunzo ya jando yanafuata baadaye. Mila imebaki, hatari imepungua. Kumbe inawezekana!

SHERIA ZIMEBADILIKA. NA SISI JE?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Lakini uchunguzi wa mwaka 2015-16, miaka zaidi ya 40 baadaye, ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake wakisema kuna sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe. Wanawake wenyewe!

Sheria hiyo hiyo iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alipaswa kufikisha miaka 18. Rebeca Gyumi akaenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali. Serikali ikapewa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ukapita bila marekebisho.

Na wanafunzi wenye mimba? Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa "kosa dhidi ya maadili", na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi shule. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, na ndani ya miaka miwili nafasi zao zipo. Kwa hiyo yule msichana wa dawati la nyuma hakuingia kwa dirishani. Amerudi kwa haki yake.

Tuchukue na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata watu walitengwa, walipewa vyombo vyao vya kulia, hata misibani watu waliogopa kugusa maiti. Leo unyanyapaa umepungua, ingawa haujaisha. Lakini tuwe wakweli: je, mioyo yetu imekuwa mizuri zaidi? Au ni kwa sababu tangu mwaka 2004 dawa za ARV zimetolewa bure, na mgonjwa anarudi shambani kuokota korosho zake kama kawaida? Nadhani yote mawili. Elimu na dawa vilituondolea hofu, na hofu ilipotoka, huruma ikapata nafasi.

SASA KIPIMO NI KIPI?

Ukipima maadili kwa urefu wa sketi, kila kizazi kitaonekana kimeoza. Mimi napendekeza upime kwa maswali matatu:

1. Mnyonge analindwa, au anachekwa?
2. Mtu anaweza kusema "sitaki" na akasikilizwa?
3. Kosa likitokea, anabebeshwa nani?

Ukipima hivyo, ndiyo, tumesogea mbele tangu siku za minyororo. Lakini hatukusogea kwa sababu sisi ni wema kuliko mababu. Tumesogea kwa sababu watu fulani walikataa kusema "ndivyo dunia ilivyo". Na tunaweza kurudi nyuma. Karne hii hii, hasa tangu mwaka 2007, wenzetu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao. Maadili ni kama shamba la mikorosho: usipopalilia, msitu unarudi.

Sasa, kijana wangu wa kidato cha tatu, rudi kwenye mdahalo wako. Mnyonge alichekwa. Aliyebebeshwa kosa ni mmoja, na la pili ni lile dawati lililokuwa tupu, la yule mwanamume. Sheria ya mwaka 1998 inasema kufanya ngono na msichana chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama amekubali. Anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, kwa marekebisho ya mwaka 2016. Ulitafuta ushahidi wa maadili kuporomoka, na ulikuwepo kweli humo darasani. Ulikuwa kile kicheko.

Usikasirike. Hata mimi nilipokuwa sekondari niliwahi kucheka hivyo hivyo. Nilijua uzito wake baadaye, yule mwenzetu alipoacha shule na sisi tukaendelea na masomo kana kwamba hakuwahi kuwepo.

WEWE UFANYE NINI?

- Mwenzako amerudi shule baada ya kujifungua? Mpe daftari anakili. Kaa naye dawati moja. Wakianza kumcheka, wewe usicheke. Kicheko cha peke yake hakidumu.
- Ukilazimishwa kufanya ngono, au mwenzako akilazimishwa, wahi kituo cha afya kabla ya saa 72. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, lakini hazisubiri. Usioge wala kufua nguo kabla ya kwenda.
- Toa taarifa kwa mtu mzima unayemwamini, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Unaweza pia kupiga simu 116, ni bure.
- Wazee wakisema "zamani", kaa chini uwasikilize. Waulize somo alifundisha nini, na nani hakuwa na sauti. Utajifunza mengi.

KWA MJADALA KLABUNI

Watu wa mwaka 1922 walizoea mambo ambayo leo yanatushangaza. Je, wajukuu wako watashangazwa na jambo gani ambalo sisi leo tunaliona la kawaida? Jadilini, kisha mtuandikie. Na yule kijana wa kidato cha tatu, barua yako naisubiri kuliko zote.